Nikiacha kujisimanga, si nitabweteka?

Shikamoo Dada Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili na naishi Morogoro. Ni mhasibu katika taasisi moja hapa mjini. Naomba usitaje jina langu wala ninakofanya kazi, maana wenzangu wengi wanakusoma.

Ni mtoto wa kwanza kati ya wanne. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, mama akatulea kwa mshahara wa ualimu wa shule ya msingi. Tangu naanza shule nilikuwa nashika namba moja. Nilipofika darasa la sita nikashika namba mbili. Mama hakunichapa wala hakunigombeza. Aliisoma ripoti, akaikunja, akaiweka juu ya kabati, akapakua chakula, na hakuniongelesha mpaka kesho yake jioni. Bora angenichapa. Tangu siku ile nikazoea kujigombeza mwenyewe kabla mtu mwingine hajaniwahi. Nikikosa swali moja, najiita mjinga usiku kucha. Na niseme ukweli, dada, ilinisaidia. Nilifaulu, nikaenda chuo kikuu kwa mkopo, nikapata kazi, nikawasomesha wadogo zangu wawili. Kila nilichonacho nimekipata kwa kujisukuma.

Shida imekuja kwenye CPA, ile mitihani ya kitaaluma ya uhasibu. Nimebakiza masomo mawili ya ngazi ya mwisho, na hayo mawili yananirudisha kila nikifanya. Matokeo ya mitihani ya Mei yalitoka nikiwa ofisini. Kuna kijana alikuja kwetu zamani kwa mafunzo ya vitendo, mimi ndiye niliyemfundisha usuluhishi wa benki. Yeye kamaliza yote. Kundi la WhatsApp la ofisi likajaa pongezi. Nami nikaandika, "Hongera sana mdogo wangu," kisha nikaenda kujifungia chooni. Sasa yanasemwa maneno kwamba ndiye atakayepewa nafasi ya mhasibu mkuu, maana sharti lake ni CPA.

Tangu hapo silali vizuri. Naamka saa tisa usiku na kuanza kujihesabia: umri wangu, ada nilizopoteza, wenzangu niliosoma nao. Najiambia maneno ambayo nisingethubutu kumwambia hata adui. Mama alipopiga simu kuuliza, nilimwambia matokeo bado. Ndugu zangu nao wanajua hivyo.

Mume wangu ananiambia, "Mama Neema, jionee huruma basi." Nia yake ni njema, lakini maneno hayo yananichoma. Mimi siyo mtu wa kuonewa huruma. Mfanyakazi mwenzangu yeye alinipeleka kwenye semina ya hamasa. Tukaambiwa kila asubuhi tusimame mbele ya kioo tuseme, "Mimi ni mshindi, mimi ni wa thamani." Nimefanya hivyo kwa wiki kadhaa. Kila nikisema, kitu ndani yangu kinajibu, "Mwongo mkubwa wewe." Naondoka pale nikijisikia vibaya kuliko nilivyokuja.

Kilichonisukuma kukuandikia ni binti yangu. Yuko darasa la nne, na mwaka huu wana upimaji wa kitaifa. Juzi alikuwa anafanya zoezi la hesabu za sehemu, akakwama. Akaanza kujigonga kichwani kwa ngumi huku anasema, "Mjinga wewe, mjinga wewe." Sijawahi kumwita mjinga hata siku moja. Lakini najua alikoyatoa, maana mimi nikikosea kitu jikoni au nikiwa na vitabu vyangu huwa nayasema kwa sauti.

Maswali yangu ni haya. Je, nijisajili kwa mitihani ya Novemba au niachane nayo? Mama nimwambieje? Na lile kubwa zaidi: watu wanasema nijipende, nijihurumie, lakini nikiacha kujisimanga, si nitabweteka? Wanakikundi wenzangu wa kikoba, ambako mimi ni mweka hazina, wananiona mtu imara. Naogopa nikijilegeza nitaporomoka kabisa.

Mama Neema (siyo jina la mtoto wangu), Morogoro

*

Marahaba, mdogo wangu. Na asante kwa kuandika kirefu, maana mtu akiandika kirefu anaonyesha mambo ambayo hata hakukusudia kuyaonyesha.

Umeniuliza maswali matatu, lakini naona yamefungwa pamoja na kamba moja. Tangu ukiwa mtoto, thamani yako imekuwa ikisomwa kwenye karatasi ya matokeo. Karatasi ikiwa nzuri, wewe ni mtu. Ikiwa mbaya, unanyamaziwa. Mama alikunyamazia kwa siku moja, nawe umeiendeleza kazi ile kwa zaidi ya miaka 20, tena bila likizo. Sasa karatasi imegoma kuwa nzuri, na njia pekee unayoijua ya kuirekebisha ni kuongeza ukali. Ukali hauleti majibu, usingizi umepotea, na mtoto ameanza kuiga. Nimeelewa vizuri? Kama nimekosea mahali, nisahihishe.

Nianze na lile ulilosema ni kubwa, kwa sababu majibu ya mengine yanategemea hilo.

Unasema kujisimanga kulikusaidia. Sitaki kulipinga haraka, maana ni jambo ulilolishikilia kwa muda mrefu, na wakati ule lilikuwa kinga yako. Mtoto aliyefiwa na baba, akamwona mama yake ananyamaza, alitafuta namna ya kuhakikisha ule ukimya haurudi. Alikuwa na akili yule mtoto. Ila wewe ni mhasibu, kwa hiyo nikuulize kihasibu: ushahidi uko wapi kwamba ni masimango yaliyolipa? Ile sauti ilikuwepo siku ulizofaulu. Imekuwepo pia kila ulipofeli haya masomo mawili, tena nadhani ilikuwa kali zaidi. Kitu kilichokuwepo siku zote, za kufaulu na za kufeli, hakiwezi kupewa sifa zote za kufaulu. Walikuwepo wengine kwenye safari yako: kichwa chako chenyewe, mama mwalimu aliyehakikisha una daftari, walimu, usiku ulioutumia kusoma. Inawezekana umefika ulipofika pamoja na masimango, siyo kwa sababu yake. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hujawahi kupima, kwa kuwa hujawahi kufanya mtihani hata mmoja bila hiyo sauti.

Kuna watafiti waliojaribu kupima jambo linalofanana na hofu yako. Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha mwaka 2012 majaribio kadhaa. Katika mojawapo waliwapa wanafunzi mtihani mgumu wa msamiati, wakafanya vibaya. Kundi moja likaambiwa kwamba kama mtihani umekushinda hauko peke yako, wengi huwa unawashinda, usijikaripie sana. Kundi jingine likasifiwa: kama umeweza kuingia chuo hiki, basi una akili. La tatu halikuambiwa kitu. Kisha wote wakapewa muda wa kusoma kabla ya mtihani wa pili, wasome kadiri wanavyotaka. Waliosoma kwa muda mrefu zaidi ni wale walioambiwa wasijikaripie. Hawakubweteka. Nafikiri sababu inaeleweka: mtu asiyejiogopa anaweza kufungua karatasi aliyofeli na kuitazama. Wewe umeshayapitia maswali ya Mei, swali kwa swali, ukaona ulikwama wapi? Kama hujafanya hivyo, sitashangaa. Ni vigumu kukagua kitabu ambacho kila ukurasa wake unakutukana.

Sasa tuje kwenye kioo. Nataka ujue kwamba hujashindwa na hilo zoezi, zoezi lenyewe huwa linawashinda watu walioko pale ulipo. Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walilijaribu, wakatoa matokeo mwaka 2009. Waliwataka watu warudie sentensi yenye maana ya "mimi ni mtu wa kupendeka." Wale waliokuwa tayari wanajithamini walijisikia nafuu kidogo. Wale waliokuwa wanajiona duni walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakurudia kitu. Ni ile sauti yako, "mwongo mkubwa wewe." Ukimwambia mtu jambo lililo mbali sana na anavyojiona, moyo wake unaanza kutafuta ushahidi wa kupinga, na kwa usiku kama zako ushahidi haukosekani.

Hapa ndipo naona mumeo na semina wanasema mambo mawili tofauti, ingawa kwako yamefika yakiwa kitu kimoja. Semina inakutaka ujione wa juu. Huko ndiko kujithamini kama wengi wanavyokuelewa: najiona mzuri kiasi gani nikijipima. Mwaka 1890 William James, mmoja wa waasisi wa saikolojia kule Marekani, alieleza kujithamini kama hesabu: chukua mafanikio yako, gawanya kwa matarajio yako, jibu ndilo unavyojithamini. Najua umeshaona tatizo liko wapi. Kama juu ya mstari kunaingia tu matokeo ya CPA, na chini ya mstari kuna namba moja ya mama, jibu litakuwa dogo hata ufanye nini. Na hata ukifaulu Novemba, jibu litapanda mpaka atakapotokea kijana mwingine.

Sikwambii kujithamini ni kubaya. Binadamu anahitaji kuona kwamba anafaa, na wewe una mengi ya kujivunia, hao wadogo zako wawili wakiwemo. Ugumu ni kwamba kujithamini kwa namna hii kunakuaga siku ile ile unayokuhitaji. Ukifaulu, kupo. Ukifeli, kumeondoka.

Mumeo anaongea habari nyingine, ingawa nakubali maneno yake yamekugusa vibaya. Wewe umesikia, "Kaa chini, lia, wewe ni wa kuhurumiwa." Kristin Neff, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin ambaye ameshughulika na jambo hili tangu mwaka 2003, anaieleza huruma ya mtu kwa nafsi yake kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja. La kwanza, kujitendea kwa upole pale unapokosea badala ya kujihukumu. La pili, kukumbuka kwamba kushindwa ni sehemu ya kuwa binadamu, siyo laana iliyokushukia wewe peke yako. La tatu, kuyatazama maumivu kama yalivyo, bila kuyazika na bila kuyakuza. Hakuna mahali panaposema usijiwajibishe.

Nawe unaijua huruma hii vizuri kuliko unavyodhani. Wewe ni mweka hazina wa kikoba. Nina hakika umeshakutana na mwanakikundi aliyekopa, biashara ikafa, akashindwa kurejesha. Ulifanyaje? Sidhani ulisimama mbele ya wote ukamwita mjinga na mzigo. Ungefanya hivyo, asingekuja mkutano uliofuata, simu angezima, na hela ya kikundi ingepotea moja kwa moja. Nadhani ulimwita pembeni, ukamuuliza kimetokea nini, mkapanga upya namna ya kulipa. Deni halikufutwa. Lakini mtu alibaki ndani ya kikundi, na kwa sababu alibaki, aliweza kulipa. Hicho ndicho ninachokiita huruma, na ndicho mumeo anachokuomba ujifanyie, ingawa kwa maneno yaliyokuchoma. Huenda ukamwambia hilo jioni moja: "Usiniambie nijionee huruma, niambie tukae tupange upya." Nafikiri atafurahi kupewa kazi ya kufanya.

Wewe unaogopa kuporomoka ukijilegeza. Mimi nina wasiwasi wa upande wa pili. Uimara ambao kikundi kinauona umesimama juu ya kutofeli, na maisha hayajamwahidi mtu yeyote kutofeli. Kule Australia, Sarah Marshall na wenzake waliwafuatilia kwa mwaka mmoja vijana zaidi ya 2,400 wa shule za sekondari, wakachapisha walichokiona mwaka 2015. Vijana waliojiona duni, kwa kawaida, afya yao ya akili ilidorora. Lakini miongoni mwa waliojiona duni, wale waliokuwa na huruma kwa nafsi zao hawakudhurika sana. Hilo linanipa moyo nikikufikiria wewe, na nikimfikiria binti yako pia. Maana yake mtu hahitaji kwanza kushinda ile vita ya kujiona bora ndipo aanze kupata nafuu. Anaweza kuwa bado anajiona duni, na bado akasimama, kama ameacha kujishambulia.

Naongeza tahadhari. Tafiti hizi zimefanyika mbali na kwetu, na kwetu mtu hafeli peke yake. Ukifeli wewe, kuna mama anayejisikia amefeli, kuna wadogo wanaokutazama, kuna mtaa. Kwa hiyo sitakuambia kama wanavyoambiwa wengine kwamba "usijali watu watasemaje." Watasema. Na mengine yatauma.

Basi twende kwa mama yako. Kuna njia kadhaa, na kila moja ina gharama zake. Unaweza kuendelea kusema matokeo bado. Inakupa nafasi ya kupumua, lakini wahitimu wanapongezwa hadharani, na mama mwalimu mstaafu ana wanafunzi wake wa zamani kila mahali. Akiambiwa na mwingine, utakuwa na mambo mawili ya kueleza. Unaweza kumpigia simu. Ni rahisi kuanza, ila kwenye simu ukimya wa mama yako hutauona uso, na wewe ukimya wake unaujaza kwa maneno mabaya kuliko ambayo angeyasema. Unaweza kumtuma mtu atangulie, mama mdogo au mumeo, halafu wewe ufuate. Desturi yetu inaruhusu, na inampa mama muda wa kupokea kabla hajakuona. Hatari yake ni kwamba utarudi kuwa mtoto anayesubiri nje ya mlango. Au unaweza kwenda mwenyewe, ukakaa naye jikoni, ukamwambia.

Njia yoyote utakayochagua, jiandae kwamba huenda atanyamaza. Usiende ukitegemea kwamba safari hii atakukumbatia. Pengine atakukumbatia, ni bibi sasa, na watu hulainika. Lakini ukienda kwa matumaini hayo peke yake, ukimya wake utakurudisha darasa la sita. Jiulize mapema: akinyamaza, nitafanya nini? Nitamalizia chai yangu? Nitamwambia, "Mama, najua imekuuma, hata mimi imeniuma"? Hilo la mwisho ni zito, ila wewe hujawahi kumwambia kwamba iliwahi kukuuma.

Na kuhusu yule mama wa siku ile ya ripoti, sijui alikuwa na nini moyoni. Mjane, watoto wanne, mshahara wa mwalimu. Inawezekana alichokiona kwenye namba mbili ni mtoto wake anapoteza mlango pekee wa kutokea. Inawezekana alinyamaza kwa hofu, wewe ukasikia hasira. Sikwambii hivyo ili umsamehe kwa nguvu. Kilichokuumiza kilikuumiza. Nakuomba tu uache nafasi ya maelezo mengine, zaidi ya lile moja uliloishi nalo.

Kwenye mtihani, siwezi kukuamulia, na sidhani ungetaka nikuamulie. Mitihani ipo Mei na Novemba, kwa hiyo kuacha awamu moja siyo kuacha CPA, ingawa saa tisa usiku hayo mawili hufanana. Unaweza kujisajili masomo yote mawili. Ukifanya hivyo kwa sababu umetazama ulikokosea na una ratiba inayowezekana, ni jambo moja. Ukifanya ili kumfikia yule kijana, au ili umwambie mama kitu, unaingia chumba cha mtihani ukiwa na watu wengi kichwani. Unaweza kuuliza kama utaratibu unakuruhusu kufanya somo moja ukamaliza nguvu zako hapo. Utachelewa, lakini mtu anayefanya kazi kutwa na kulea watoto wawili si sawa na kijana asiye na majukumu hayo, na kulitambua hilo si kujitafutia kisingizio. Unaweza kupumzika mpaka Mei. Hatari ya kupumzika ni kwamba hofu huwa inajificha nyuma ya uchovu, na mapumziko yasiyo na tarehe ya mwisho hurefuka. Ukipumzika, andika tarehe ya kurudi vitabuni. Na unaweza kuacha kabisa. Kuna wahasibu wanaofanya kazi nzuri bila CPA, na kuna nafasi ambazo hutazipata bila hiyo, kama hiyo ya mhasibu mkuu. Je, unaitaka nafasi ile? Umeandika kuhusu kijana kuipata, hukuandika kama wewe unaitamani.

Kabla hujaamua, jaribu kujiuliza swali moja ukiwa umeshiba na umelala kidogo: kama matokeo yasingebadilisha hata chembe namna mama, ofisi na wewe mwenyewe mnavyokuona, bado ungependa kufanya mtihani huu? Jibu lolote litakalokuja, hata kama ni "sijui," litakuonyesha pa kuanzia.

Sasa saa tisa usiku. Usisimame mbele ya kioo. Ukiamka na ile hesabu ikaanza, weka mkono kifuani, sema maneno ambayo hayawezi kuitwa uongo: "Hii inauma." Ni kweli, hakuna wa kubisha. Kisha: "Usiku huu kuna wengine wameamka kama mimi, kwa jambo kama hili." Nayo ni kweli. Kisha jiulize, "Nifanye nini sasa hivi, saa hii?" Mara nyingi jibu ni dogo: kunywa maji, kuandika wazo kwenye karatasi lisubiri asubuhi. Hutajisikia mshindi. Lengo ni kutojiongezea kipigo juu ya jeraha.

Lakini nikuonye jambo ambalo semina hazisemi. Watu waliozoea kujichapa wakianza kujitendea upole, wengine huanza kulia bila kujua kwa nini, au husikia woga, au hasira. Paul Gilbert, mwanasaikolojia wa Uingereza ambaye amewatibu watu wenye aibu nzito na lawama kali kwa nafsi zao, ameandika kuhusu watu wanaouogopa upole wenyewe, kwa sababu hawakuwahi kuupata pasipo masharti. Ikikutokea, punguza mwendo. Anza kwa dakika chache, siyo kwa usiku mzima. Na siku nyingine acha kabisa, haitakuwa dhambi.

Binti yako. Nimesoma sehemu ile zaidi ya mara moja, kwa sababu ndipo nilipoona mapenzi yako wazi kabisa. Uliona ngumi ndogo ile, ukashtuka, ukaandika barua. Usiitumie kama fimbo mpya ya kujichapia usiku. Mtoto wa darasa la nne anajifunza kwa kusikia, kwa hiyo anaweza pia kusikia kitu kingine. Hapo jikoni ukikosea, sema kwa sauti ile ile, "Aa, nimeunguza. Basi, naanza upya." Akikwama kwenye sehemu, kaa naye, muulize amekwamia wapi, usimkimbizie sifa. Ukimwambia "wewe una akili sana" wakati jibu limemkataa, utakuwa umempeleka kwenye kioo chako. Na kama utaona inafaa, mwambie kwa sentensi moja kwamba mama naye amefeli mtihani, imemuuma, na anafikiria la kufanya. Sentensi moja inatosha. Usimpe mzigo wa kukufariji.

Namalizia na jambo ambalo sitaki lipite. Kutolala kwa muda mrefu, kuamka alfajiri na kujilaumu bila kukoma, inaweza kuwa huzuni ya kawaida ya kufeli, na inaweza kuwa imeshakuwa sonona, ambayo ni ugonjwa na una tiba. Kama pia chakula hakina ladha, kama mambo uliyokuwa unayafurahia hayakuvutii tena, au kama imewahi kukupitia kwamba watu wako wangekuwa na nafuu usipokuwepo, tafadhali usisubiri Novemba wala Mei. Mwambie mumeo leo, mwende pamoja hospitali ya rufaa ya mkoa, muulizie huduma ya afya ya akili. Hukuandika kwamba mawazo hayo yapo. Nakuuliza kwa sababu watu imara ndio wanaokuwa wa mwisho kuulizwa. Niandikie tena, hata mistari miwili, unijulishe usingizi unakwendaje.